Nyumba Waliyoijenga Ghalani

Jiko lile lilikuwa la mbao na rangi tupu, halina waya wala gesi, lakini asubuhi hiyo mbunifu alipoliegemea lilimchoma kiganja.

Miaka ishirini alikuwa akibuni mavazi na mandhari ya filamu, na nyumba hii iliyosimama ndani ya ghala la studio ndiyo iliyomtoa jasho kuliko zote. Sebule, jiko, chumba kimoja cha kulala. Alipaka kuta masizi, akakwangua sakafu ionekane imekanyagwa miaka, akajaza kabati magauni ya mhusika, mama mwenye nyumba. Mwongozaji alipoiona alicheka. "Hapa kilichobaki ni mtu kuhamia tu."

Siku ya pili sufuria ambazo hazijawahi kuona maji zilinukia vitunguu vya kukaanga. Ya tatu, magauni yaliyonyooshwa pasi yalikutwa na jasho makwapani. Mbunifu alimeza maneno. Waigizaji wakisikia, filamu imekwisha. Ndipo mdogo wake, fundi cherehani wake, aliyemlea tangu mama yao afariki, akaingia kupunguza pindo la gauni na asitoke.

Walimkuta kitandani, amelivaa.

"Mdogo wangu, vua hilo, twende ukale."

"Mdogo wako nani?" Sauti ilikuwa nzito, ya mwanamke mtu mzima. "Mmejenga, mmetandika, mmetundika nguo. Nimeingia kwangu. Nyie mnatafuta nini?"

Wakaita mganga, akasoma dua mpaka sauti ikamkauka. Mwisho akamvuta mbunifu kando. "Ameshikilia nyumba," alinong'ona. "Ikibaki, hatoki. Na aibomoe aliyeijenga."

Mbunifu akashika nyundo, akaanza na mlango, na kila ubao uliopasuka mdogo wake alilia kama aliyevunjwa ubavu, naye akizidi kupiga huku machozi yakimziba macho, akiomba radhi bila kujua anamwomba nani, sebule ikaanguka, jiko likaanguka, harufu ya vitunguu ikageuka harufu ya nywele zinazoungua, mikono ikamtoka damu, na bado akapiga, mpaka ukuta wa mwisho ukalala chini na ghala zima likanyamaza.

"Dada." Ilikuwa sauti ya mdogo wake, yake mwenyewe.

Walikumbatiana juu ya vumbi. Mganga akafunga mfuko wake.

"Dada, na yule mtoto?"

"Mtoto gani, mdogo wangu?"

"Wa yule mwanamke. Alikuwa amelala mapajani kwangu. Ulipoanza kubomoa akaogopa, akakukimbilia wewe."

Mganga aliufungua mfuko tena, polepole. Hakumtazama mdogo mtu. Alitazama sketi ya mbunifu, ambayo upande mmoja, chini ya goti, ilikuwa imekunjamana kama iliyofumbatwa, na ilikuwa ikivutwa.