Jibu: Wino wa Printa

Daktari alikutwa asubuhi chini ya ngazi za nyuma za maabara yake. Kichwa kilikuwa sakafuni, mguu mmoja bado uko kwenye kipandio cha tatu. Miwani yake ilikuwa mfukoni, haina hata mkwaruzo.

Inspekta aliitazama miwani ile kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama mwili.

"Alikuwa akiivaa wakati wote?" alimuuliza karani wa mapokezi.

"Wakati wote, afande. Bila hiyo haoni hata mkono wake. Aliivua akiongea tu."

"Akiongea na nani?"

"Na mtu yeyote. Akiwa na jambo zito la kukwambia, anavua miwani kwanza."

Mtu asiyeona bila miwani hateremki ngazi za saruji miwani ikiwa mfukoni. Daktari alikuwa amesimama juu, anamwambia mtu jambo zito. Jioni ripoti ya uchunguzi wa maiti ilimaliza ubishi: alama mbili za viganja kifuani. Alisukumwa.

Maabara ilikuwa na wafanyakazi sita. Wote sita walihojiwa, na wote sita hawakuona kitu. Naibu wa Daktari, mtu mpole mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye kola, alilia mpaka sajini akamletea maji.

Siku ya tano, siku moja baada ya mazishi, Karani aliingia kituoni ameshika karatasi. Aliiweka mezani mbele ya Inspekta, akarudi nyuma hatua moja.

Ilikuwa barua pepe iliyochapwa. Mtumaji: Daktari. Tarehe: leo, saa tatu asubuhi. Kichwa cha habari: *Jibu: Wino wa printa*. Chini yake mstari mmoja.

*Najua ulichosoma. Nyamaza.*

"Ulisoma nini?" aliuliza Inspekta.

"Sijui, afande." Machozi yalimtoka. "Ningejua, ningekwisha sema. Natishwa kwa kitu nisichokijua."

Inspekta alikuwa mzee, amebakiza miezi michache astaafu, na vitisho alikuwa ameviona vya kila namna. Hata hivyo karatasi ile aliikunja upesi kuliko alivyotaka.

"Twende ukanioneshe hiyo kompyuta, mwanangu."

Kwenye meza ya mapokezi, Karani alifungua programu yake ya barua pepe. Dirisha lilikuwa moja, lakini upande wa kushoto akaunti zilikuwa nne: Majibu ya Vipimo, Malalamiko, Daktari, na yake mwenyewe. Kila moja aliipa rangi yake, na barua iliyotoka kwenye akaunti hiyo ilionekana kwa rangi hiyo. Zote ziliingia hapo, na kila moja ilijibiwa kwa anwani yake bila kuhama kiti. Daktari mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, kwa sababu alichoka kusahau nywila. Nywila yake ilikuwa imebandikwa chini ya droo yake, na ofisi nzima iliijua, yaani ilikuwa siri ya kila mtu.

"Siku aliyokufa kuliingia nini?"

"Barua moja kwenye Malalamiko. Mimi siruhusiwi kuyafungua. Kazi yangu ni kuyavuta tu niyatie kwenye kisanduku cha Daktari. Nikaivuta."

"Hukuisoma?"

"Wallahi sikuisoma."

"Iko wapi?"

Alitafuta. Haikuwepo. Kuna mtu aliingia kwenye kisanduku cha marehemu akaifuta.

Hapo hapo kompyuta ikalia *ting*.

Karani alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Rangi ilikuwa nyekundu, rangi ya Daktari. *Jibu: Likizo yangu ya mwezi wa tatu.*

*Shangazi yako hushinda peke yake nyumbani, sivyo? Ngazi zenu ni ndefu kuliko zetu.*

Shangazi ndiye aliyemlea. Walikaa wawili tu, ghorofa ya nne. Karani alimpigia simu, akamwambia asogeze kabati mlangoni na asimfungulie mtu, hata akijitambulisha ni nani.

Fundi wa kompyuta wa kikosi, ambaye wenzake walimwita Waya kwa wembamba wake, alichunguza saa mbili nzima.

"Barua zinatoka humu humu ndani, afande. Ila wote wanatumia laini moja ya mtandao, siwezi kusema ni chumba gani. Akaunti ya Daktari imeunganishwa kwenye mashine mbili tu. Hii ya mapokezi, na ya Naibu. Aliunganishiwa Daktari aliposafiri."

"Basi ni Naibu."

"Au Karani anajiandikia mwenyewe. Mkuu wa kituo ameshasema hivyo."

Inspekta alikasirika. Akamkamate Naibu kwa kuwa na akaunti aliyoagizwa kuwa nayo? Naibu angesema kiti chake hukaliwa na kila mpita njia. Alizisoma tena zile barua mbili. Wino wa printa. Likizo.

"Waya, hivi mtu anayetaka kumtisha mwenzake, kwa nini aandike juu ya wino?"

Waya alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Habofyi Andika, afande. Anabofya Jibu. Anachukua barua za zamani ambazo Karani alimwandikia Daktari, anazijibu. Ukijibu, programu inatumia yenyewe anwani iliyopokea. Ukianza barua mpya, inashika akaunti ya kwanza kwenye orodha, mpaka ukumbuke kubadilisha pale palipoandikwa Kutoka."

"Na kwenye mashine ya Naibu, ya kwanza ni ipi?"

"Ya Naibu mwenyewe."

Inspekta alivuta kiti akakaa. "Toa barua zote za Karani kwenye kisanduku cha Daktari, zilizoingia na zilizotoka. Asibaki na hata moja ya kujibu. Halafu tumtie haraka, asahau hapo pa Kutoka."

Kesho yake saa sita mchana, Karani alisimama kwenye chumba cha chai mbele ya wenzake wote. Maneno alikuwa ameyakariri, lakini woga ulikuwa wake.

"Nimekumbuka nilichosoma," alisema. "Saa sita na nusu nakwenda kumwambia Inspekta."

Naibu alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari.

Karani alirudi mezani, akaweka mkoba mapajani. Inspekta alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha kutolea damu, hatua mbili kutoka kwake. Askari wawili walikuwa kwenye ngazi. Mlango wa Naibu, ng'ambo ya korido, ulifungwa polepole.

Saa sita na robo. Hakuna kitu.

"Afande," Karani alinong'ona bila kugeuka, "akija mwenyewe badala ya kuandika?"

"Nipo."

"Hata Daktari alikuwa na watu sita humu ndani, na bado akafa."

Inspekta alilishika pazia, tayari kutoka. Aliwaza kwamba amemtega mtoto wa watu kama chambo, na kwamba mambo yakiharibika, atakayegonga mlango wenye kabati kumpa shangazi habari ni yeye mwenyewe.

Saa sita na dakika ishirini na mbili kompyuta ikalia *ting*.

Haikuwa nyekundu. Haikutoka kwenye akaunti ya Daktari, na haikuwa na kichwa cha habari.

*Ukivuka mlango huo utalala alipolala yeye.*

Na chini yake, kwa herufi za buluu, saini inayojiweka yenyewe:

*Naibu Mkurugenzi wa Maabara. Afya yako ni dhamana yetu.*

Inspekta alivuka korido. Naibu alikuwa bado ameshika kipanya, anatazama neno Kutoka.

"Unataka kuirudisha?" aliuliza Inspekta. "Imeshafika."

Kwenye chumba cha mahojiano hakukana sana.

"Chupa mbili za damu," alisema. "Nilibandika lebo kinyume. Mwanamke akaongezewa damu isiyo ya kundi lake, akafa. Mumewe ndiye aliyeandika malalamiko."

"Daktari akakuita."

"Juu ya ngazi. Nilimsihi. Miaka kumi na tisa ya kazi, ningefungwa. Akavua miwani, akasema barua ya kumjibu yule mume ameshaiandika, asubuhi itakwenda. Nikamsukuma."

"Na Karani?"

"Nilijua malalamiko yalipita mkononi mwake. Nilidhani amesoma."

"Hakusoma. Barua ya Daktari uliifuta?"

"Sikuiona."

"Ilikuwa kwenye rasimu. Umeingia kisanduku chake kila siku, rasimu hukuzifungua?"

Naibu alitazama mikono yake. "Niliogopa kuona jina langu."

Inspekta alimsukumia karatasi. Waya alikuwa ameichapa asubuhi ile.

*Ndugu yangu, mkeo amekufa kwa kosa la maabara hii. Nilimwacha mtu mmoja afanye kazi ya watu watatu, nami nikaona amechoka nikanyamaza. Kosa ni langu. Nitakuja kwako kesho nikwambie ana kwa ana, kisha nitajipeleka mwenyewe kunakohusika.*

Naibu aliisoma hadi mwisho, akaanza upya, akitafuta kwa kidole mstari baada ya mstari.

"Hakunitaja," alisema.

Inspekta aliichukua karatasi, akatoka. Kwenye benchi la nje Karani alikuwa na simu sikioni, analia bila kujificha.

"Ni mimi, shangazi," alikuwa anasema. "Liondoe hilo kabati mlangoni. Nakuja nyumbani."