Kidoti na Programu ya Vipimo

Kila siku akitoka shule, Kidoti alibadili sare, akala haraka, kisha akaenda kwenye karakana ya mama yake, fundi cherehani. Huko alikuwa na kazi zake: kuokota pini sakafuni, kuongeza maji kwenye pasi na kuandika vipimo. Mama alisoma utepe, "Kifua themanini na nane," Kidoti akaandika, kisha akarudia kwa sauti, "Themanini na nane." Mama hakuendelea mpaka asikie.

Kazi nyingine ilikuwa kupokea wateja. Hapo mama alikuwa na amri moja: mteja akiuliza jambo, jibu la kwanza liwe ndiyo. Kidoti aliishika amri hiyo barabara. Kuna mteja aliyeuliza kama suruali ya mwanawe itakuwa tayari baada ya saa moja, naye akajibu ndiyo, ingawa kitambaa chenyewe kilikuwa hakijaletwa.

Wiki hiyo karakana ilikuwa na magauni ishirini na mawili ya kwaya, ya kuvaliwa Jumamosi. Daftari la vipimo lilikuwa limemwagikiwa maji ya pasi na wino wote kuyeyuka. Kwa bahati nzuri, mama alikuwa amezipiga picha kurasa zote kwa simu yake. Picha hizo ndizo zilizobaki.

Mwanakwaya mmoja aliwasimulia kwamba ipo programu ya bure ya kuhifadhi vipimo na kuchora namna ya kukata kitambaa. Ila haipatikani kwenye duka la programu la simu. Mtengenezaji wake anaitoa kwenye tovuti yake mwenyewe. Mama akasema watamuuliza mama mdogo, fundi simu, kazi ya kwaya ikiisha. Lakini Kidoti alitaka kumfurahisha mama leo leo.

Mama alipotoka kununua uzi, Kidoti alichukua simu, akaandika jina la programu, akabonyeza tovuti ya kwanza kabisa, yenye kitufe kikubwa cha kijani. Simu ikauliza: unaruhusu programu kutoka nje ya duka? Ndiyo. Isome ujumbe wako? Ndiyo. Ione namba za watu wako? Ndiyo. Ijitokeze juu ya programu nyingine? Ndiyo. Kwa mtoto, simu nayo ilikuwa mteja.

Badala ya vipimo, matangazo yakaibuka, moja juu ya jingine, na simu ikapata moto. Mama hajakaa vizuri tangu arudi, simu ikalia. Aliyepiga alikuwa kiongozi wa kwaya, akiuliza fundi ameanza lini kugawa majokofu, maana amepata ujumbe wake kwamba ameshinda moja, abonyeze kiungo alichukue.

Mama alijaribu kufungua picha za vipimo. Tangazo likazifunika. Akajaribu tena, wapi. Akakaa akivitazama vitambaa vya kwaya ambavyo havijakatwa.

"Simu hii imepatwa na nini?" aliuliza.

"Imeanza yenyewe," Kidoti alijibu. Mama hakumshuku hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma. "Hapana, mama. Ni mimi. Nimeweka programu."

Mama hakugomba. Alifunga karakana, wakaongozana hadi kwa mama mdogo, Kidoti akiwa nyuma.

Mama mdogo alitaka kujua nini kimefanyika na saa ngapi, na Kidoti akaeleza yote bila kuruka. Basi mama mdogo akakata mtandao ili ujumbe usiendelee kutoka. Akaiwasha simu upya katika hali salama, ambamo programu zilizoongezwa hazifanyi kazi, akaifuta ile mbaya. Picha zote zilikuwapo. Akazinakili kwenye kompyuta yake na kumbadilishia mama maneno ya siri. Kidoti ndiye aliyewapigia wateja, mmoja mmoja, kuwaonya wasiguse kile kiungo na kuwaomba radhi.

Kisha wakaitafuta programu ya kweli. Walimpigia yule mwanakwaya awape anwani kamili ya tovuti, badala ya kufuata tangazo la juu. Huko walikuta jina la mtengenezaji, maoni ya mafundi wengine, na alama ya uhakiki ya faili, mstari mrefu wa herufi na tarakimu unaothibitisha kwamba faili halijabadilishwa. Walipokwisha kupakua, kompyuta ikaonyesha alama ya faili walilolipata. Mama mdogo alisoma ya kwenye tovuti, Kidoti akarudia ya kwenye kompyuta, herufi kwa herufi, kama wanavyopima gauni. Zililingana, wakaiweka programu kwenye simu.

Programu iliomba ruhusa ya kamera. Mama mdogo akauliza kamera ni ya nini, Kidoti akasema ni ya kupiga picha vitambaa.

"Na ingeomba kusoma ujumbe?"

"Ningekataa. Vipimo na ujumbe wapi na wapi?"

"Hapo sawa. Kwenye simu mteja ni wewe, mwanangu. Uliza wewe, na usipoelewa kataa." Kisha wakaifunga tena ile ruhusa ya kuweka programu kutoka nje ya duka.

Jumamosi kwaya ilipanda jukwaani, na magauni yote yalikuwa yamewakaa vizuri. Kidoti, aliyeketi na mama yake safu ya nyuma, akamnong'oneza akimuuliza kama bado amemkasirikia.

"Nilikasirika nilipojua uongo wa ile 'imeanza yenyewe'," mama alisema, "lakini ulisema kweli mwenyewe, nikapoa. Ungenificha mpaka kesho yake, wateja wangebonyeza kile kiungo, na vipimo pengine tungevikosa. Vitu vipya utavigusa, sikukatazi. Uliza kwanza. Na utakosea tena, maana bado unajifunza. Siku hiyo usitafute la kusema. Njoo kwangu mbio."