Chupa ya Kijani ya Mwalimu Okinyi

Jumamosi ile, nyumba ya Mwalimu Okinyi pale Mamboleo ilikuwa na utulivu ambao kila mzazi huuombea. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Nguo zilikuwa zimeanikwa, redio ya jirani ilikuwa ikiimba nyimbo za kanisa, na Dolphine, dada mdogo wa mwalimu aliyekuja kuwatembelea, alikuwa ameketi kwenye mlango wa mbele akichambua mboga. Caren, mke wa mwalimu, alikuwa kwenye kibanda chake sokoni. Naye mwalimu alikuwa amelala chali chini ya gari lake, kifua wazi, kaptura imetoboka nyuma, akipiga mluzi.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota lililowazidi umri wanafunzi wake wote. Kwa wiki mbili lilikuwa likiacha kidimbwi cha kijani kila lilipoegeshwa. Fundi wa pale njia panda aliinama mara moja tu akasema mpira wa chini wa rejeta umepasuka, aletewe gari Jumatatu. Okinyi alikataa. Alikuwa mtu wa kujifanyia mambo yake, na katika hilo simlaumu. Mtu kujifunza kazi kwa mikono yake ni jambo jema. Kosa lilikuwa kwingine.

Mpira mpya aliununua mjini, kwenye duka la vipuri la Surjit. Mzee Surjit alimfungia mpira na klipu mbili kwenye gazeti, kisha akamshika mkono.

"Mwalimu, hiyo kulanti ya ndani ukitoa, weka kwa mtungi mzee, andika SUMU kubwa-kubwa. Iko tamu kama soda hiyo. Mbwa yangu ilikunywa kidogo tu, siku mbili ikakufa."

Okinyi akacheka. "Surjit, miaka ishirini nafundisha watoto kuandika. Leo wewe ndiwe unanifundisha?"

"Sawa, bwana. Basi itakuwa rahisi kwako."

Haikuwa rahisi. Alipolegeza klipu, ile kulanti, maji ya kupozea injini, ilianza kumwagika haraka, na chombo kilichokuwa karibu kilikuwa chupa kubwa ya soda ya limau, tupu, karatasi yake bado imeng'ang'ania. Kulanti ilikuwa bado safi, na alitaka kuirudisha baada ya kufunga mpira. Akakinga. Chupa ilipojaa zaidi ya nusu, aliifunga na kuiweka kivulini, kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, isije ikapigwa teke. Hakuandika kitu.

Na tusimcheke, ndugu zangu. Ni nyumba ngapi hapa kwetu ambazo hazina mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda, au dawa ya kupe ndani ya chupa ya maji?

Alikuwa akikaza klipu ya mwisho aliposikia sauti getini.

"Hodi! Hapa kuna watu ama mmehama?"

Ilikuwa sauti ya Mama Milka, mamake Caren, kutoka Ahero. Kwa Wajaluo, mama mkwe, yaani maro, si mtu wa kukutana naye ovyo. Mkwe humpisha njia, huketi mbali naye, humsalimia kwa adabu. Kumtokea kifua wazi, na kaptura ya kuonyesha matako, ni aibu ambayo ukoo mzima ungeisimulia miaka mingi. Okinyi alirudi chini ya gari taratibu, akavuta miguu, akatulia kama jiwe.

Dolphine alimpokea mgeni kwa vigelegele. "Mama Milka! Umekuja na gunia zima?"

"Mchele tu, mwanangu. Mafuriko yalituachia kidogo msimu huu. Mkwe wangu yuko wapi?"

Dolphine aliona vidole vya kaka yake chini ya gari, akabana kicheko. "Ametoka kidogo, Mama. Karibu ndani, umechoka. Nikupe kitu baridi."

Dirisha la sebule lilikuwa hatua tatu tu kutoka alipolala Okinyi. Alisikia viti vikivutwa. Alisikia glasi ikiwekwa mezani.

"Pole, Mama, soda imeisha gesi."

"Afadhali hivyo. Gesi hunisumbua tumbo." Akasikika akimeza. "Mmh! Hii ni tamu kweli. Hebu niongeze."

Okinyi aligeuza kichwa kutazama kizingiti cha jikoni. Chupa haikuwepo.

Hapo ndipo ningependa kila msomaji asimame kidogo. Maisha ya yule mama wakati huo yalikuwa ndani ya kinywa cha mtu mmoja. Neno moja la kupaza sauti lilitosha. "Usinywe!" Basi. Okinyi alifungua mdomo. Akaona kifua chake kilichopakaa grisi. Akaona uso wa mama mkwe akiambiwa kwamba nyumbani kwa mkwewe, msomi, amekaribishwa kwa maji ya gari. Akaufunga tena. Akajiambia ni glasi moja tu. Akajiambia Surjit hupenda kutia chumvi. Kisha akasikia glasi ya pili ikimiminwa.

Alitambaa kwa upande wa pili, akazunguka nyumba, akaoga, akavaa shati la mikono mirefu. Chupa aliikuta jikoni, imebaki robo. Aliimwaga chooni, akaisukuma chini kabisa ya pipa la taka.

Alipoingia sebuleni na kusalimia kwa heshima zote, Mama Milka alikuwa akicheka peke yake. Kilemba kilikuwa kimepinda. Alitaka kusimama, akayumba, akarudi kitini kwa kishindo. Mama huyu alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwao, na alijulikana Ahero yote kwa kumwaga pombe za watu.

Wakati huohuo Caren alifika kutoka sokoni. Alisimama mlangoni na mikoba yake.

"Mama? Kwani umekunywa nini?"

"Soda," Mama Milka alijibu, ulimi mzito. "Soda ya mkwe wangu. Tamu."

Aoko, jirani, alikuwa amechungulia juu ya ua. "Caren, hata wa kanisa siku hizi wanaonja? Haki dunia imeisha!"

Caren aliona aibu mpaka machozi. Alimshika mamake mkono, akampeleka chumba cha ndani, akafunga mlango ili majirani wasione zaidi. "Alale tu, itamtoka," alisema. Akamgeukia mumewe. "Baba Lornah, wewe unaelewa kitu hapa?"

"Labda ni joto la safari," Okinyi alisema.

Hiyo ilikuwa mara ya pili kuuficha ukweli.

Jioni Mama Milka alianza kutapika. Alikuwa akihema haraka kama mtu aliyepanda mlima, na hakumtambua Caren. Okinyi alijaza maji ya bomba kwenye rejeta, wakambeba mama hadi kwenye Toyota. Mwalimu akaendesha, na njia nzima hadi hospitalini mshale wa kipimo cha joto la injini haukupanda hata kidogo. Kazi yake ilikuwa safi.

Daktari, dada kijana aliyeitwa Nasipwondi, aliuliza waziwazi. "Amekunywa au amekula nini leo? Kitu chochote. Msinifiche."

Dolphine alisema soda. Caren, kichwa chini, alinong'ona kwamba labda ni pombe. Daktari alimtazama Okinyi.

"Na wewe, Mwalimu?"

"Mimi sikuwepo," alisema Okinyi.

Asubuhi ya Jumapili mama hakuwa akitoa mkojo tena. Okinyi alikaa kwenye benchi la nje na kusikia kwaya ya kanisa la jirani, sauti za akina mama. Akainuka, akamfuata daktari kwenye korido, akasema yote. Chupa. Chini ya gari. Glasi mbili.

Daktari Nasipwondi hakupaza sauti. "Jana mchana ungesema, tungeizuia hiyo sumu kabla haijageuka mwilini. Hata jana jioni tungekuwa na nafasi. Sasa figo zimefunga, na moyo unachoka. Tutamwunganisha na mashine. Lakini usimwahidi mkeo kitu."

Walijaribu siku mbili. Mama Milka alifariki Jumanne kabla ya adhuhuri.

Caren alikuwa ameshaambiwa yote. Hakulia mbele ya mumewe. Alimwuliza swali moja tu, wakiwa wamesimama kando ya kitanda kilichofunikwa.

"Ulimsikia akisema ni tamu?"

"Nilimsikia."

"Na akaomba aongezwe?"

Okinyi aliitikia kwa kichwa.

Caren alivua pete, akaiweka kwenye meza ndogo, karibu na kilemba cha mamake, akaondoka na Dolphine kuelekea Ahero. Aibu ambayo mwalimu aliikimbia kwa dakika tano chini ya gari, sasa anaishi nayo. Kule Ahero hata kaburi la maro wake hakuruhusiwa kulikaribia. Gari bado liko uani Mamboleo. Halivuji hata tone moja.

Mafunzo

Wenzangu, sumu isiwekwe kamwe kwenye chupa ya kinywaji, hata kwa dakika moja, hata kama wewe ni msomi. Tafuta mtungi mwingine, andika juu yake, uufungie mbali na jikoni. Kulanti ya gari ni tamu, nayo huua polepole, na aliyeinywa huonekana kama mlevi. Usimfungie ndani ukaona haya. Mkimbize hospitalini na chupa yenyewe mkononi.

Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Heshima kwa wakwe ni jambo zuri, na nisingependa tuitupe. Lakini heshima inayomwacha mama wa watu anywe sumu, ili wewe usionekane kifua wazi, si heshima kwake. Ni kujipenda. Ukiona hatari, toka chini ya gari ulivyo, na upige kelele.