Dakika Mbili za Muhayyo

Siku za Jumapili soko la vitu vikuukuu la Yangiobod halina pa kuweka mguu. Muhayyo alikuwa amekuja kutafuta kifuniko cha birika, basi, maana chake mjukuu alikivunja. Alivaa gauni lake la atlasi la rangi ya komamanga na kitambaa cheupe kilichofungwa kisogoni, kama mjane wa miaka sitini anayejiheshimu lakini ambaye hajagombana na kioo. Alipofika kwenye meza ya muuza santuri, miguu ikagoma.

Gitaa la umeme lilikuwa linapanda, na chini yake besi na ngoma zikisukumana. Aliujua muziki ule. Ulikuwa "Mvua ya Chilonzor", santuri pekee ya bendi ya Anhor, jazi na roki vilivyochanganywa bila mwimbaji hata mmoja. Waliirekodi mwaka sabini na tisa, yeye akiwa na miaka ishirini na moja na filimbi mdomoni. Akasimama kungoja filimbi yake iingie. Alikumbuka hata mahali alipovuta pumzi.

Haikuingia. Gitaa lilinyamaza kumpisha, besi na ngoma zikaendelea zenyewe dakika mbili nzima, kisha gitaa likarudi kana kwamba hakuna aliyekosekana.

"Hii imefanywaje?" akamuuliza muuzaji.

"Ni toleo jipya, mama, limetoka mwaka huu. Wamelisafisha sauti vizuri, ila watu wanalalamika hapo katikati pana shimo. Mwenyewe si huyo hapo, muulize."

Mwenyewe alikuwa ameinamia sanduku la santuri, koti la kijivu mwilini, kofia ya doppi kichwani, nywele zimemwagika mabegani. Alikuwa Tolqin, mpiga gitaa. Moyo wa Muhayyo ulianza kwenda mbio bila kuomba ruhusa, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

"Umenifuta," akasema.

Tolqin akainua kichwa. "Muhayyo. Hujabadilika."

"Mimi sijabadilika, santuri ndiyo imebadilika. Miaka thelathini na tisa sijakuomba kitu. Kabla sijawa mke wa mtu na mama wa mtu, changu hapa duniani kilikuwa zile dakika mbili. Nawe ukazikata kama kitunguu."

"Lakini si wewe mwenyewe uli..."

"Mimi mwenyewe nini? Baki na gitaa lako."

Akaondoka. Kifuniko cha birika hakukikumbuka mpaka alipofika nyumbani.

Kesho yake asubuhi alikuwa akikata karoti za pilau simu ilipolia.

"Usikate," sauti ya Tolqin ikasema.

"Namba umepewa na nani?"

"Na kaka yako. Kanionya nisikupigie kabla ya chai, eti una hasira."

"Na baada ya chai?"

"Hata baada ya chai, kasema, lakini afadhali."

Muhayyo alijizuia kucheka. Kicheko cha namna ile hakikumstahili mtu aliyefutwa.

"Nina barua yako hapa," Tolqin akaendelea. "Ngoja nikusomee. 'Tolqin, mimi sasa ni mke wa watu. Nitoe kwenye santuri ile. Usiache hata pumzi yangu.' Imeandikwa Namangan, Novemba mwaka themanini. Wakati ule ningekutoaje, na santuri zilishauzwa nchi nzima? Lakini kanda za studio zilipofunguliwa mwaka jana, nikasema ombi lako ni deni."

Muhayyo akaketi, kisu mkononi. Barua ile alikwisha kuizika. Mama mkwe aliliona jalada la santuri: bi harusi wake, kichwa wazi na mikono wazi, katikati ya wanaume wanne. Akaleta karatasi na kalamu, akaketi ubavuni.

"Niliandikishwa, kaka Tolqin. Kila neno lilitoka mdomoni mwa mama mkwe."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Wewe ukiambiwa hapana, unavaa viatu ukaenda zako."

Tolqin akakohoa. "Wachapishaji walitaka niweke mpiga filimbi mwingine pale, hodari kabisa. Nikakataa. Wakataka nizikate hizo dakika, pande mbili ziungane. Nikakataa vilevile. Sikuweza kumkalisha mtu mahali pako, jonim, roho yangu."

Hapo Muhayyo alilia, na karoti zikalowa. Alipopata sauti aliuliza jambo aliloishi nalo tangu ujana wake.

"Mbona washenga hukuwatuma tena?"

"Niwatume tena vipi? Galina alirudi akasema mama yako amekataa, kwamba binti bado mdogo."

Tolqin alilelewa kwenye kituo cha yatima. Hakuwa na mama wala shangazi wa kumtuma, akamtuma Galina, mke wa mpiga ngoma wao, Mrusi mwenye moyo mweupe asiyejua lolote la posa za Kiuzbeki.

"Kila mama husema hivyo mara ya kwanza," Muhayyo akasema. "Binti anayetolewa siku ya kwanza, watu huuliza ana kasoro gani. Galina angerudi angepewa chai. Mara ya tatu ungevunjwa mkate wa kukubali posa, yameisha. Miezi miwili nilikuwa nikifagia mbele ya lango kila asubuhi, nikiwangoja."

"Miezi miwili hiyo," Tolqin akasema polepole, "mimi nilikuwa nazunguka mji mzima nisipite mtaa wenu."

Hakuna aliyemdanganya mwenzake, na ndiyo maana iliwauma hivyo.

"Filimbi yangu ipo bado?"

"Ipo kwenye kanda, salama salimini. Vuli wanachapa tena. Sema neno tu."

"Nirudishe."

"Nitakurudisha."

Ijumaa alasiri lango liligongwa. Tolqin alisimama chini ya mzabibu, amenyoa, anang'aa, mikate miwili ya duara kwapani imefungwa kitambaa safi.

"Umekuja na nani?" Muhayyo akauliza. Alikuwa amepaka wanja, ingawa angeapa hakumtarajia mtu.

"Peke yangu. Galina hayupo tena, Mungu amrehemu, na hata angekuwepo leo nisingemtuma."

"Haya, sema shida yako."

"Nimekuja kukuposa."

Muhayyo akatengeneza kitambaa chake kichwani, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima.

"Hapana," akasema. "Bado mdogo."

Tolqin alitazama viatu vyake. Muhayyo alikaza vidole kwenye lango, akaogopa kama hajawahi kuogopa tangu ajifungue mtoto wa kwanza. Kisha mwanamume yule akaiweka mikate juu ya benchi, akaifunika vizuri isikauke.

"Basi nitakuja kesho."

"Kesho utapata chai."

"Na keshokutwa?"

"Keshokutwa," Muhayyo akasema, "uje na njaa."