Fromaji Yenye Ilifika Ngungu

Kila asubui kule Kingi, Adrienne anawasha moto, anapima maziwa yenye bwana yake anagandisha kuwa fromaji, kisha anaangalia matumbo ya watoto wake wawili. Ndiyo, matumbo. Tangu mwaka jana hakosi kuyaangalia.

Mwaka jana walienda Ngungu kwa sikukuu ya parokia, kwa mama mukwe wake, Mukagasana. Adrienne alitaka waone yeye ni muke wa maana. Alipika wali na nyama mangaribi, akavimwaga vikiwa moto ndani ya ndoo ya plastiki. Akakaza kifuniko, akafunika ndoo na kikwembe. Kesho yake, saa sita ya muchana, walikula kule Ngungu. Mbele jua lishuke, Archange, mutoto wa mwisho, alikuwa anatapika na kuhara. Alilala siku mbili kwa kituo cha afya, na maji ya serumu mu mukono.

Mukagasana alisema mbele ya majirani:

"Huyu muke atamaliza wajukuu wangu na ndoo yake!"

Neno hilo Adrienne alitembea nalo mwaka muzima, hata shambani.

Sasa sikukuu ilirudi. Siku ya posho, sikukuu ikiwa kesho yake, bwana yake, Nsengimana, alimuuliza:

"Mama Archange, kesho tunabeba nini?"

"Hakuna. Tutaenda mikono mitupu."

"Mikono mitupu kwa mama? Aaa! Basi mimi nabaki na ngombe."

Adrienne alienda kununua sabuni kwa butike ya Kavira. Kavira ni mama wa Butembo, na bwana yake, Muhindo, anaendesha kamio ya mizigo.

"Dada Kavira, kamio ya Muhindo inakwamaka mu matope siku mbili. Anakulaka nini?"

"Chakula yenye haina muchuzi!" Kavira alicheka. "Chakula ya maji-maji ikikaa vuguvugu, vidudu vinazaana. Haviwezi kuonekana, na harufu haitoke kila mara. Weye, vile ulinieleza, ulifunga ndoo ikiwa moto, ukaifunika na kikwembe. Uliwatandikia kitanda!"

"Nilifikiri nachunga moto."

"Vuguvugu haiko moto, mama. Na mbona unaniuliza miye? Bwana yako anatengenezaka nini?"

"Fromaji."

"Inapanda kamio, inafika Goma, inapita Goma. Iko na frigo ya baridi mule?"

"Hapana. Lakini ile ni ya kuuza."

"Yesu wangu! Watu wa muji wanakula, watoto wako wanaangalia!"

Adrienne alicheka. Ni kweli. Fromaji ilikuwa juu ya ubao nyumbani, nzima, na ganda lake. Hakuna siku alifikiri ni chakula ya safari.

"Beba nzima," Kavira akasema. "Uifunge mu kitambaa safi, kikavu. Uikate saa ya kula, si mbele. Ongeza mukate, karanga za kukaanga, ndizi na avoka na maganda yao. Maji uyachemshe. Na hii sabuni usiisahau nyumbani."

"Watu watasema nimeleta vitu vya ovyo."

"Waseme, lakini waseme wakiwa wazima."

Siku ya mungu Adrienne, bwana yake na watoto waliamuka mapema, wakapanga kitunga. Njia ilikuwa mbaya. Moto, pikipiki yenye iliwabeba, iliteleza mara mbili, wakashuka, wakasukuma. Jua likawaka. Adrienne aligusa kitunga, akagusa tena.

Kule Ngungu, kisha misa, Mukagasana alisimama kwa mulango.

"Ndoo iko wapi?"

"Hakuna ndoo, mama."

Adrienne alinawisha kila muntu na sabuni. Kisha akafungua kitambaa, akakata fromaji. Archange alinyoosha mukono. Mukagasana akaushika.

"Ngoja! Mimi nitaanza. Kama ni kufa, nife mimi, nimekwisha kuzeeka."

Akatafuna polepole. Akameza. Akachukua kipande cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mutoto wako, mama," Adrienne akajibu, na kichwa juu. "Ni maziwa ya ngombe wetu."

Mukagasana akainua kipande, akaita majirani wale wale wa mwaka jana:

"Mukuje muonje! Muke wa mutoto wangu njo ameleta!"

Asubui ya kesho, Kingi, Adrienne aliangalia matumbo. Archange alikuwa anafukuza kuku. Simu ikalia: Mukagasana.

"Mama? Munaumwa?"

"Tumbo yangu iko salama! Ni fromaji njo imeisha. Mutarudi siku gani?"

Mama mwenye unasoma, nakuomba: usifungie watoto wako nyama na wali ya jana ndani ya ndoo. Mwaka ule Archange alipona. Mwingine anaweza asipone. Safari ikiwa ya muchana muzima, beba chakula kikavu, na matunda yakiwa na ganda.

Na ile ndoo ya Adrienne? Iko kwa mulango wake kule Kingi, na maji ya kunawa. Sabuni iko juu ya kifuniko.