Aliyejibu kwa Niaba ya Baba

Gari haliondolewi mahali pake mpaka mwenyewe aseme. Sharti hilo lilijulikana na kila mtu katika nyumba ya Bwana Muhidin, mwenye duka mjini Ifakara. Lilijulikana pia na kampuni ya Morogoro aliyoilipa kila mwaka kwa ajili ya kirikuu chake, yaani gari lake dogo la mizigo. Kikiharibika njiani, kampuni ilituma gari la kuvuta na kukifikisha kwa fundi bila malipo mengine. Lakini dereva hakuruhusiwa kufunga mnyororo kabla ya kupata idhini ya mwenye gari.

Bwana Muhidin aliwaeleza watoto wake mkataba huo wakati wa chakula, taratibu, kama asomaye sheria. "Na mimi nikiwa safarini," alimalizia, "kirikuu hakina safari."

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi wa tano, Bwana Muhidin akiwa Dar es Salaam kununua bidhaa, binti yake Asmahani alikuwa amekaa dukani kama ilivyokuwa kawaida yake siku zisizo za shule. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Alikuwa akipima sukari na kuifunga katika mifuko wakati simu ya duka, yenye laini iliyoandikishwa kwa jina la baba yake, ilipoita.

"Asma, Mama yuko karibu?" Alikuwa Yasser, kaka yake mkubwa.

"Yuko jikoni. Kwani wewe uko wapi?"

"Usipige kelele. Niko Kiberege. Kirikuu kimezimika."

Asmahani aliweka chini kijiko cha sukari. "Umechukua gari la Baba?"

"Nimewaleta wenzangu kina Alphonce kwenye mpira. Maneno baadaye. Nimeshaita gari la kuvuta. Dereva atapiga hapo kwenye simu ya Baba kuomba ruhusa. Wewe ongea kama Mama."

"Siwezi mimi!"

"Unaweza. Si kila siku wateja wanakupigia wakidhani wewe ni Mama? Mwambie Baba anaswali, amekubali. Nani atamkatiza mtu swala? Leo jioni kitakuwa kwa fundi, kesho uani. Baba hatajua kitu."

"Lakini huo ni uongo, kaka."

"Haya, basi niache nifukuzwe nyumbani. Si ndicho unachotaka?"

Asmahani hakukitaka hicho. Simu ilipoita tena, aliishusha sauti yake.

"Habari za mchana. Mimi ni Hermenegildi, dereva wa gari la kuvuta. Nahitaji neno la Bwana Muhidin mwenyewe."

"Mimi ni mke wake. Mwenyewe anaswali. Amesema livutwe."

"Utaratibu wetu ni kumsikia mwenye gari, mama. Lakini mtu akiwa mbele ya Mungu, mimi simkatizi. Basi, nalichukua."

Yasser alimkabidhi dereva ufunguo, akapanda bodaboda na kurudi nyumbani mbio, ili mama yao asigundue kwamba hakuwapo. Kati ya ndugu hao wawili hakuna aliyefahamu kwamba ofisi ya Morogoro humpelekea mwenye gari ujumbe katika namba zake zote. Bwana Muhidin, akiwa Kariakoo, alisoma kwamba gari lake linavutwa kutoka Kiberege kwa idhini ya mkewe. Alimpigia hapohapo.

"Safina, gari liko wapi?"

"Uani." Bi Safina alifungua mlango wa nyuma. Uani hapakuwa na kitu ila madoa ya oili. "Yarabi! Halipo!"

"Mbona wanasema ruhusa umetoa wewe?"

"Mimi? Wallahi sijazungumza na mtu."

Bi Safina aliwauliza watoto. Yasser, aliyekuwa amekwisha kunawa vumbi la safari, alijibu, "Sijui, Mama. Nilikuwa kwa Alphonce." Asmahani alitazama sakafu, akanyamaza. Kwa sababu ya jibu lile na ukimya ule, Bwana Muhidin aliamini kwamba ameibiwa. Alitoa taarifa polisi, na gari la kuvuta likasimamishwa kwenye maingilio ya mji, dereva wake akakamatwa.

Bi Safina aliitwa kituoni kulitambua gari. Asmahani aliomba kufuatana naye. Mlangoni Yasser alimvuta mkono. "Ukinyamaza, litapita," alinong'ona. "Yule mzee dereva watamwachia tu."

Kituoni walimkuta Mzee Hermenegildi ameketi kwenye benchi, miguu mitupu, amevuliwa mkanda kama wanavyovuliwa wezi. Kichwa chake kilikuwa cheupe kwa mvi. Alikuwa akiyatazama mawingu dirishani.

"Afande," alisema, "nimeacha mpunga wangu wote umeanikwa Kiberege. Naishi peke yangu, hakuna wa kuuanua. Niruhusu nimpigie jirani."

"Kaa chini, mzee. Kwanza ututajie wenzako."

"Sina wenzangu. Nilipewa idhini kwa simu."

Bi Safina alisogea mezani. "Afande, gari ni letu. Lakini mimi sikumruhusu mtu kulichukua."

Mzee Hermenegildi aliinuka kwa ghafla. "Sauti ndiyo hii! Ndiye huyu mama niliyeongea naye! Mama, nimekukosea nini hata uniangamize?"

Askari alimgeukia Bi Safina, na uso wake haukuwa tena wa heshima. "Mama, sema kweli. Mmepanga nini na huyu mzee?"

Tangu azaliwe, Bi Safina hakuwahi kuulizwa swali la namna ile mbele ya watu.

Hakuna aliyekuwa akimtazama Asmahani. Angeweza kunyamaza na kurudi nyumbani bila kushukiwa, lakini mmoja wa wale wawili angelala mahabusu kwa kosa lake.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyejibu simu. Niliigiza sauti ya Mama. Baba hakuwa akiswali, yuko Dar es Salaam. Gari alilichukua Yasser."

Askari alimwamuru ayarudie maneno aliyoyasema katika simu. Mzee Hermenegildi alisikiliza huku amefumba macho, kisha akaitikia kwa kichwa. "Naam. Ndiye huyu mtoto."

Alirudishiwa viatu vyake. Alipokuwa ameinama akifunga kamba, mvua ilianza kupiga bati. Mzee alisita, akatazama juu, kisha akaendelea kufunga. Hakumlaumu mtu, na Asmahani aliona heri angepigwa.

Jumatatu Bwana Muhidin alirejea. Hakufoka. Aliiandikia kampuni ukweli wote. Kampuni ikafuta huduma yake, naye hakulalamika. Kisha aliwachukua watoto wake wawili hadi Kiberege. Mpunga ulikuwa umevimba juu ya turubai, na punje nyingi zilikwisha kuchipua.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimekuja na wanangu, na nimekuja na aibu."

"Marahaba. Aibu haitakausha mpunga huu, bwana."

"Ndiyo maana nimewaleta hawa. Mpunga uliobaki shambani kwako watauvuna wao, likizo yao yote, mpaka ulioharibika ufidiwe."

Wakavuna. Yasser alikata kwa mundu mpaka viganja vikamtoka malengelenge. Asmahani alipura, akapepeta, akaanika, akaanua kila wingu lilipotanda. Rafiki zao walipita barabarani wakiwacheka. "Yasser, leo mpira hakuna?" Yasser aliendelea kukata.

Gunia la mwisho lilipojaa, Mzee Hermenegildi aliwaita wote wawili.

"Sikilizeni," alisema. "Siku ile nililegeza sharti la kazi yangu kwa sababu moja tu: naiheshimu sala ya mtu mwingine kama ninavyoiheshimu yangu. Ninyi mliliona jambo jema moyoni mwangu, mkalifanya mlango wa kupitishia uongo. Mwongo hamdhuru mtu mbaya, maana mtu mbaya hamwamini yeyote. Humdhuru yule anayemwamini. Mkumbuke hilo kila mtakapopokea simu, na kila mtakaponyamaza."

"Tumekosa, babu," alisema Asmahani. "Tusamehe."

Yasser aliinamisha kichwa. "Nisamehe, babu. Mimi ndiye niliyemtuma."

Mzee alilishona gunia, akavuta uzi kwa nguvu, akaukata kwa meno.

"Limejaa," alisema. "Hamna deni kwangu tena. Nendeni nyumbani."