Kisanduku cha Puto

Hii ilimkuta Hervé, rafiki yetu wa Likasi, anayerusha puto lenye kamera juu ya machimbo ya upande wa Kambove. Kamba ya puto ikikatika, anabonyeza rimoti, na kisanduku kilichofungwa huko juu kinalia mara tatu, kisha kinalitoboa lishuke. Kukifunga ni kazi ya Germain, baba wa ubatizo wa mwanawe. Hawarushi kabla Hervé hajauliza kwa sauti, "Kimefungwa?", na Germain kujibu ndiyo, mkono juu ya kamba.

Asubuhi moja ya ukungu mzito kamba ikakatika. Hervé akabonyeza. Juu, ndani ya ukungu, kikalia: ti, ti, ti.

"Aksanti Mungu! Germain, weye ni ndugu kabisa."

Germain akafungua mfuko wake, akatoa kisanduku.

"Unisamehe. Sikukifunga. Batri nilipeleka ku kanisa, ku sono, vyombo vya sauti vya kwaya."

"Na kila siku unanijibia ndiyo! Toka lini?"

"Toka Pasaka."

Hervé alitaka kumpiga, lakini ile sauti ilikuwa inashuka: usawa wa paa, usawa wa kichwa. Puto halikuonekana. Kisha ikasikika nyuma ya Germain, karibu kabisa na sikio lake.

Ti, ti, ti.